Akiba Haiozi, Lakini ni Nani Aiwekaye?



Kama mnangojea mtoto, bila shaka mmekwisha kuanza matayarisho. Nguo ndogo zimenunuliwa, au zimeazimwa kwa dada. Beseni lipo, shali ipo, na mfuko wa kwenda hospitalini umewekwa karibu na mlango. Pengine mmekwisha kukubaliana hata juu ya jina, ingawa jambo la jina haliishi mpaka nyanya wote wawili waseme neno lao. Mmefanya vema.

Hata hivyo, tungependa kuwauliza swali moja ambalo kwa kawaida halimo katika orodha ya matayarisho. Siku ya kumi baada ya mama kujifungua, saa saba ya mchana, bwana yuko kazini na mtoto ndiyo kwanza amelala baada ya kulia usiku kucha. Je, mama huyo atakula nini? Na chakula hicho kitakuwa kimepikwa na nani?

Huenda mtaona hili ni swali dogo la jikoni. Sisi tunaona kwamba ndani yake mna swali kubwa la haki kati ya mume na mke. Tulitazame pamoja.

ZAMANI HAKUNA ALIYEULIZA

Babu zetu hawakuwa na haja ya kuuliza swali hili. Mama aliyejifungua alitunzwa na watu wengi. Kwa Wakikuyu alipikiwa njahi na uji, na wanawake wa jirani walimletea kuni na maji. Kule pwani mzazi alikaa ndani siku arobaini, akikandwa kwa maji ya moto na kulishwa na mama yake au shangazi yake. Kila kabila lilikuwa na desturi yake, lakini maana ilikuwa moja: huyu ametoka safari ya hatari, naye hapaswi kushika mwiko.

Leo wengi wenu mnakaa Umoja, Kayole, Kisauni au Langas, katika nyumba ya vyumba viwili. Mama mkwe yuko Kitui au Kisii, na ana ng'ombe na shamba lake. Akija, hukaa wiki mbili kisha hurudi. Jirani wa mlango wa pili ni mtu mwema, lakini hutoka saa kumi na moja alfajiri kutafuta riziki na kurudi usiku. Kazi iliyofanywa na kijiji kizima imebaki mikononi mwa watu wawili, na mmoja wa hao wawili ndiye mgonjwa.

Ndipo inapoingia habari ya chakula kilichopikwa mapema na kuhifadhiwa kwenye barafu. Jambo hili si geni kwetu. Ni akina mama wangapi wa Kenya wanaochemsha maharagwe au githeri siku ya Jumamosi, wakayagawa katika mikebe na kuyaweka kwenye friza, kisha kila jioni wakakaanga mkebe mmoja kwa kitunguu na nyanya? Makaa na gesi ni ghali, na maharagwe huchukua saa nyingi. Tunachopendekeza ni kufanya hivyo hivyo kwa nia nyingine: kabla ya mtoto kuja, nyumba iwe na vyakula vya siku kumi au kumi na tano vinavyohitaji kupashwa moto tu.

Wahenga walisema akiba haiozi. Lakini hawakutuambia ni nani anayepaswa kuiweka.

NI NANI ASIMAMAYE JIKONI?

Katika nyumba nyingi jibu huja lenyewe. Mke, mimba yake ikiwa ya miezi minane, miguu imevimba na mgongo unauma, ndiye anayesimama mbele ya sufuria akipika chakula atakachokula yeye mwenyewe atakapokuwa hana nguvu. Watu humsifu kwamba ni mwanamke mwenye bidii. Naye kweli ana bidii. Lakini fikirini kidogo. Mtu anayejiandalia pumziko lake mwenyewe hajapumzishwa. Amefanya kazi ya miezi miwili kwa mwezi mmoja.

Twasema wazi, basi, kwamba kumlisha mama aliyejifungua ni deni la mume kabla ya kuwa deni la mtu mwingine yeyote. Mbele ya altare mliahidiana kutunzana katika raha na taabu, katika afya na ugonjwa. Ahadi hiyo haikuwekwa na mama mkwe, wala yaya, wala jirani. Hao wakisaidia, tunawashukuru. Lakini mwenye deni hawezi kukaa kitako kwa sababu tu jirani zake ni wakarimu.

Hatusemi kwamba mke asiguse kitu. Wako wanawake ambao katika wiki za mwisho hupata hamu kubwa ya kupanga nyumba, na kuwakataza ni kuwaudhi. Na aketi kwenye kiti, achague maharagwe, aonje chumvi, aseme kitunguu kinaungua. Lakini kuinua sufuria, kusimama saa tatu na kuosha vyombo ni kazi ya mwenye mgongo mzima.

"LAKINI MIMI NALETA PESA"

Hapa mabwana wengine watatujibu: "Mimi naleta pesa za matumizi. Wajibu wangu nimekwisha kuutimiza." Bwana mpendwa, tunajua pesa hizo umezitolea jasho, wala hatuzidharau. Lakini unga ulio katika pakiti haujawa uji. Kati ya shilingi uliyoweka mezani na kijiko kinachoingia kinywani mwa mke wako iko kazi ya saa mbili, na mtu fulani lazima aifanye. Ukisema umemaliza wajibu wako, umesema pia kwamba saa hizo mbili ni zake yeye aliyeshonwa nyuzi juzi.

Mwingine atasema: "Tutaajiri msichana wa kazi." Ni vizuri, mkiweza kumlipa mshahara wa haki. Lakini msichana huyo atakuwa na nguo za mtoto za kufua kila siku, nyumba ya kufagia, na pengine watoto wakubwa wa kupeleka shuleni. Akiba ya chakula itamsaidia hata yeye. Tena liko jambo ambalo hawezi kufanya kwa niaba yako. Mke akila chakula ambacho mumewe alikipika akimfikiria, hupata humo ujumbe ambao mtu wa mshahara hawezi kuutuma.

Wa tatu atasema: "Kwetu mwanamume haingii jikoni." Tunaheshimu mila. Lakini tazama ni wanaume wangapi hupika hotelini, jeshini na katika shule za bweni, wala hakuna anayewacheka. Ikiwa mikono ya mwanamume yaweza kuwapikia wageni kwa mshahara, yaweza pia kumpikia mke kwa upendo.

Tukumbuke vilevile kwamba Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 humpa mwanamume aliyeajiriwa likizo ya wiki mbili yenye malipo kamili mkewe anapojifungua. Mama naye hupewa miezi mitatu. Wiki hizo mbili hazikutolewa kwa ajili ya kuwapokea marafiki na kupokea pongezi tu. Ni za kuwa nyumbani. Na yule asiye na mwajiri, fundi wa jua kali au mwenye kibanda sokoni, asiyeweza kufunga kazi hata siku tatu, ndiye hasa anayehitaji akiba hii. Hali kadhalika dereva wa lori aendaye Malaba na kurudi baada ya siku tano. Hawezi kuwa nyumbani saa saba ya mchana, lakini Jumapili aliyokuwa nyumbani alipika. Chakula kile ni mkono wake uliobaki nyuma.

MAMA, MRUHUSU AKUSAIDIE

Sasa neno kwa akina mama. Wengine wenu mna waume walio tayari, nanyi mwawafukuza jikoni. "Utaharibu sufuria." "Mama yako akikukuta unaosha vyombo atasema nimekulisha nini?" Mama mpendwa, githeri iliyozidi chumvi kidogo, ikiwa imepikwa kwa moyo, haijamdhuru mtu. Kama hujui kupokea, huyo anayetaka kukupa atazoea kutokutoa. Kisha miaka mitano baadaye utalalamika kwamba bwana hajui hata kuchemsha maji. Kupokea pia ni sehemu ya ndoa, na mara nyingine ndiyo sehemu ngumu zaidi.

JE, KUWEKA AKIBA NI KUKOSA IMANI?

Wako pia wenye shaka ya namna nyingine. Husema Mungu aliyeleta mtoto ataleta na sahani yake, na kwamba kurundika chakula ni kuhangaikia kesho.

Someni tena habari za mana katika Kitabu cha Kutoka, sura ya 16. Waisraeli walikatazwa kuweka mana hadi asubuhi, na wale waliojiwekea walikuta imeoza na kuingia mabuu. Lakini siku ya sita waliagizwa kukusanya maradufu, na mana ile haikuoza. Kwa nini? Kwa sababu iliwekwa kwa ajili ya siku ya mapumziko. Akiba ya woga na choyo ndiyo iliyooza. Akiba iliyowekwa ili watu wapumzike ilibarikiwa.

Siku za kwanza za mzazi ni siku za pumziko. Anayekusanya maradufu kwa ajili ya siku hizo hamkosei Mungu imani. Amefanya alichoagizwa.

Na wale wanaosema ni mkosi kutayarisha kabla mtoto hajazaliwa? Desturi hiyo ina chimbuko lake: wazee wetu walizika watoto wengi, hawakutaka kufurahi mapema. Tusiwacheke. Lakini tofautisheni nguo za mtoto na chakula cha mama. Nguo humngoja mtoto, bali chakula humngoja mama. Na mama, kwa rehema za Mungu, tunatarajia arudi nyumbani kwa vyovyote vile. Hata kama, Mungu aepushe, atarudi mikono mitupu, mwili wake utakuwa umepita katika uchungu ule ule, na moyo wake utakuwa mzito zaidi. Ni katika nyumba kama hizo wageni huwa wachache, kwa kuwa watu hawajui la kusema. Hapo sufuria ya maharagwe iliyopikwa na mume mwezi uliopita itasema kile ambacho yeye mwenyewe hataweza kukitamka.

NAMNA YA KUFANYA

Anzeni mimba ikifika miezi saba au minane, kidogo kidogo, kila Jumamosi moja. Robo kilo ya maharagwe makavu hutosha mlo mmoja wa watu wanne, kwa hiyo kilo tatu zitawapa milo kumi na miwili. Pikeni njahi, ndengu, kamande, nyama ya kuchemsha pamoja na supu yake, na mahindi na maharagwe ya githeri. Viazi msivitie humo, kwa maana vikiganda huwa majimaji. Tieni siku ya kula. Chapati zinaweza kugandishwa vizuri sana, kila moja ikitengwa na nyingine kwa karatasi safi. Sukuma wiki, terere na managu ni afadhali vinunuliwe vikiwa vibichi. Ugali hauna haja ya akiba.

Chakula kikiiva, kipozeni upesi. Kitandazeni katika chombo kipana, au simamisheni sufuria ndani ya beseni la maji baridi. Kisikae nje zaidi ya saa mbili. Kisha kigaweni katika mikebe yenye vifuniko, kila mkebe mlo mmoja. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku nchini mwaka 2017, na hata hivyo haikuwa mizuri kwa chakula. Mikebe mnayo, ioshwe vizuri, wala msimimine humo chakula kingali moto. Acheni nafasi kidogo juu, maana chakula hufura kikiganda. Andikeni juu yake jina la chakula na tarehe.

Friza iwe na baridi ya nyuzi 18 chini ya sifuri. Hapo maharagwe na nyama hubaki na ladha yake kwa miezi miwili hadi mitatu. Lakini jueni kwamba barafu haiui vijidudu, huvilaza tu. Kwa hiyo chakula kisiyeyushwe kwa kuachwa mezani kutwa nzima. Kiwekeni sehemu ya chini ya friji tangu usiku, au kiingizeni kwenye sufuria kikiwa kigumu, kwa maji kidogo na moto wa wastani, mkikoroga mpaka kichemke kote, hata katikati. Kilichokwisha pashwa moto kisirudishwe kwenye barafu.

Stima ikipotea, msifungue mlango kuchungulia. Friza iliyojaa, isipofunguliwa, huhifadhi baridi kwa muda wa saa 48 hivi, na iliyojaa nusu saa 24. Kile kisanduku kidogo cha barafu kilicho ndani ya friji hakifiki muda huo.

Kuhusu mama mwenyewe: anayenyonyesha huhitaji chakula zaidi ya kawaida, takriban kalori 500 zaidi kwa siku, na maji ya kutosha. Wengi wanaamini njahi huongeza maziwa. Njahi ni chakula kizuri, lakini kinacholeta maziwa hasa ni mtoto kunyonya mara kwa mara, na mama akiwa na njaa na uchovu kazi hiyo humlemea. Kwa kuwa amepoteza damu, apate maharagwe, nyama au maini na mboga za kijani, pamoja na chungwa au nyanya mbichi ili madini ya chuma yaingie mwilini vizuri. Chai asinywe pamoja na mlo, bali baadaye. Mtoto yeye asipewe chochote ila maziwa ya mama mpaka atimize miezi sita.

Na kama hamna friza? Nyumba nyingi hazina, na upendo haukosi njia. Bwana anaweza kusagisha unga wa uji wa wimbi, kukaanga na kusaga njugu, kuchagua na kuosha nafaka, na kununua makaa au gesi ya mwezi mzima. Kila usiku kabla ya kulala anaweza kuloweka maharagwe, na asubuhi kabla ya kutoka kuyachemsha na kujaza uji katika chupa ya chai. Tena mwaweza kuzungumza mapema na jumuiya yenu ndogo, familia kumi zikagawana siku kumi. Sufuria moja kwa familia moja haimlemei mtu.

WAGENI

Tumewahi kusikia watu wakisema kwamba nyumba yenye akiba huwafukuza wageni, kana kwamba wanaambiwa hawahitajiki. La. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mara nyingi wageni wanane huja kumwona mtoto, na mwenyeji, badala ya kupona, huinuka kuwachemshia chai. Nyumba iliyojitayarisha inaweza kumwambia mgeni bila aibu: "Shangazi, chakula kipo kwenye mkebe, tafadhali tupashie moto tule sote." Shangazi atafurahi kuliko kukaa akitazamwa. Jirani akileta chungu chake, kipokeeni kwa mikono miwili, na mkebe wenu utangoja. Akiba iko pale kwa siku ambayo hakuna aliyebisha hodi.

Jambo la mwisho. Bwana, ukirudi jioni ukakuta mikebe haijaguswa, usimkaripie mkeo kwamba kazi yako imepotea. Uliza kwa upole. Kama hali chakula, halali hata mtoto anapolala, au analia bila sababu kwa zaidi ya wiki mbili, huo si uvivu wala utovu wa shukrani. Ni ugonjwa unaowapata wazazi wengi, nao una matibabu. Mpeleke kliniki, na uende naye wewe mwenyewe.

MJADILIANE

Jioni ya leo, watoto wakisha kulala, ketini wawili mkajibu maswali haya:

1. Mama, katika uzazi uliotangulia, au katika ugonjwa uliowahi kukupata, ni saa gani ya siku uliyojiona mpweke zaidi? Mwambie bwana, bila kumlaumu.

2. Bwana, ni vyakula vipi vitatu unavyoweza kupika bila kuuliza? Kama havifiki vitatu, mkeo akufundishe kimoja Jumamosi hii.

3. Ni nani mtakayemwomba msaada, na mtamwambia lini?

Kisha andikeni tarehe ya kupika sufuria ya kwanza. Anayeiinua awe bwana.